Mizizi Juu ya Mpera wa Bi Mwajuma

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kubwa kama sinia. Mtu amestaafu ili asiangalie saa tena, ninyi mnampa saa. Nimeitundika sebuleni, na kila nikiitazama nakumbuka kwamba huko kwenye kitalu chetu cha miche sasa hivi kuna mmoja wenu anasahau kumwagilia. Pamoja na saa mlinipa ombi: niandike kurasa chache kuhusu kazi yetu, hasa habari ya ule mpera wa Majengo, ambayo nusu yake mliisikia kwa watu na nusu mmeitia chumvi wenyewe. Nimekubali. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana hayo hayajawahi kuotesha kitu. Nitaandika mikono yangu ilishika nini.

Nilifika kitaluni nikitoka chuo kikuu, nikiwa na shahada ya kilimo, viatu vyeupe, na imani kwamba mmea ni ule uliochorwa kitabuni: mizizi chini, shina katikati, majani juu, kila kitu mahali pake na mshale wa kukionyesha. Msimamizi wa kitalu wakati huo alikuwa Bwana Elia, mwanamume mrefu mwenye stashahada yake na maoni juu ya kila jambo, kuanzia bei ya mtama mpaka namna mtu anavyopaswa kuvaa kofia. Alikuwa Mhehe na mimi Mgogo, kwa hiyo alikuwa mtani wangu, na utani wake haukuwa na likizo. Aliniita "Bibi Shamba" tangu asubuhi ile ya kwanza, mimi binti ambaye hata jembe lilikuwa halijanizoea.

Maoni yake mengi yalikuwa makosa matupu. Aliamini vijiti vya mzabibu haviwezi kuota watu wakigombana karibu na tuta, na mara moja alimfukuza mhasibu bustanini kwa sababu hiyo, akiwa katikati ya sentensi. Lakini mikono yake ilikuwa na akili kuliko maneno yake, na mimi nilijifunza kuziba masikio na kuitazama mikono.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tuta moja la vijiti vya mzabibu. Nilivipanda kwa mstari ulionyooka kama wa jeshi. Baada ya wiki kadhaa macho ya vijiti yakafumbuka, majani madogo ya kijani yakatoka, mazuri ya kuliza. Nikazunguka ofisi nzima nikiita watu. Bwana Elia akaja mikono nyuma, akainama, akashika kijiti kimoja kwa vidole viwili, akakivuta. Kikatoka chote bila ubishi, kama kijiko kwenye uji. Chini hapakuwa na mzizi hata mmoja.

"Umefurahia nini hapa?" akaniuliza.

"Kimeota majani, Bwana Elia."

"Kimekula akiba aliyokifungia mama yake. Ikiisha utayaona hayo majani yanavyoaga." Akanirudishia kijiti mkononi. "Usiniite tena kwa ajili ya majani, Bibi Shamba. Niite siku kikikataa kutoka."

Zaidi ya nusu ya tuta lile lilikauka. Lakini hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Macho ya kijiti yalikuwa yamekwisha kuwepo, yamelala tu yakisubiri maji. Mizizi ndiyo haikuwepo kabisa. Kijiti kilitakiwa kuitengeneza mahali ambapo hakikuwahi kuwa na mzizi, kwenye jeraha la kisu, gizani, bila mtu wa kukionyesha. Tangu siku ile nimekuwa na heshima kubwa kwa vijiti kuliko kwa watu wengi wenye vyeo.

Miaka iliyofuata ilinionyesha kwamba mimea haijasoma vitabu vyetu. Choo cha ofisi yetu ya zamani kilijengwa kwa nguzo mbichi zilizokatwa porini. Mvua zilipokuja, nguzo ya mlangoni ikachipua, ikatoa tawi, na Bwana Elia akakataza mtu yeyote kuligusa. Mwaka mzima wageni rasmi waliokuja kutukagua walikuwa wakiinamia lile tawi kwenda kujisaidia. Nilipopelekwa Chemba nikakutana na mkulagembe, kile kichaka cha miiba ambacho ukiukata mzizi wake kwa jembe, kila kipande kinatoa chipukizi lake. Mkulima mmoja alinitembeza shambani kwake akiwa hoi.

"Mimi nikiua mmoja, Bibi Shamba, ndugu zake wote wanakuja msibani. Na hawaondoki."

Nikamweleza kwa kirefu jinsi jicho linavyoweza kuzaliwa juu ya mzizi, mahali ambapo kwa kawaida halipo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo dawa yake?"

Nikamshauri aache jembe, ang'oe kila kichaka kizima na mizizi yake yote. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aubebe mlima wa Mlimwa auhamishie Kondoa. Tulikunywa togwa, nikaondoka. Ushauri ule ulikuwa sahihi, na sidhani kama kuna binadamu aliyewahi kuutekeleza.

Kisu changu mnakijua, kile chenye mpini uliozungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Bwana Elia alinipa siku aliyorudi kwao Iringa kupumzika. Nimekinoa mwenyewe miaka yote, ubapa wake umelika hadi umekuwa mwembamba kama ukucha, na sasa kiko kwenye droo ya tatu pale kitaluni. Anayekitaka akichukue, ila asikate nacho kamba wala embe. Kukata kidonda kwa kisu butu ni sawa na kumwambia mti uoze.

Kitu cha mwisho alichonifundisha mzee yule ni kuotesha mizizi tawini, na nitakieleza hapa kwa kuwa vijana hamkipendi. Badala ya kukata tawi na kulipeleka kwenye udongo, unaupeleka udongo kwenye tawi. Unavua gome kwa mzunguko, kama pete, unakwangua ule utelezi mpaka mti wa ndani uonekane mkavu, unafunika kidonda kwa kitu kinachoshika maji, unafunga naironi, unasubiri. Chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani kinakwama pale juu ya pete, na tawi, likidhani limefika ardhini, linatoa mizizi hewani. Ni utapeli, lakini wa halali. Ikishakuwa mingi unalikata chini ya furushi na kulipanda. Unakuwa na mti ule ule, si mtoto wake.

Ubaya ni kwamba Dodoma si mahali pa kufanya hivi. Upepo wetu wa Agosti unakausha shati kabla hujamaliza kulianika, sembuse furushi la udongo juu ya mti. Bwana Elia alikuwa akiomba makumbi kwa wauza madafu, anayachambua, anayaloweka, anayachanganya na samadi kuukuu ya mbuzi. Makumbi yanashika maji vizuri. Hata hivyo alikuwa akipoteza mafurushi mengi kuliko aliyofanikiwa, na kila likikauka alilaumu wanasiasa.

Sasa tufike kwenye mpera.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini, kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni. Mbele ya banda letu alisimama bibi mmoja mfupi, amejitanda mtandio, akaitazama miche yote bila kugusa hata mmoja. Nyuma yake alisimama mtu mzima mwenye mvi za ndevu, akichezea funguo za bajaji.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Naona mnauza miti. Kuhamisha je, mnaweza?"

"Mti wa ukubwa gani?"

"Mpera. Nikiukumbatia mikono yangu haikutani."

Wawili wenu walicheka. Sitawataja, mnajijua.

"Shangazi, si nilikwambia?" yule mwenye bajaji akasema. "Mapera yamejaa soko zima. Tutapanda mwingine."

"Wewe Shabani nyamaza. Nimekuja kuuliza wataalamu, sijauliza dereva."

Huyo ndiye Bi Mwajuma, Mrangi wa Kondoa, mjane aliyeishi Majengo tangu akiwa mke kijana. Shabani ni mtoto wa kaka yake. Pale uani kwake ungepita mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Alikwisha kulipwa fidia na nyumba yake mpya ilikuwa tayari Miyuji. Nyumba hakuilalamikia. Alivuta kiti cha banda letu bila kukaribishwa, akaketi, akanieleza kwa sauti ya mtu anayeagiza vitu dukani.

"Nilikuwa na mtoto mmoja, Hamisi. Alikuwa utingo wa lori, akafia safarini, wakamzika huko huko. Kaburi lake sijawahi kulitia macho. Mimi nilichozika kwa mkono wangu ni kitovu chake, pale uani, na mpera nikaupanda juu yake siku ile ile. Nikitaka kusema naye ninakaa chini yake. Sasa greda likipita, mwanangu, mimi nitakaa wapi?"

Nilikuwa na jibu la kitaalamu. Mti wa ukubwa ule hauhamishiki, na mbegu ya pera haiahidi kukupa mti ule ule. Nikafungua mdomo nilitoe, nikajisikia nikisema, "Tutauhamisha."

Shabani akanitazama kwa makini, kama anayekariri sura ya tapeli ili akamweleze polisi baadaye.

Wiki ile ile nilikwenda Majengo. Ulikuwa mpera mzuri, gome laini lenye madoa, umeinamia ukuta wa jirani. Nikachagua matawi matatu yenye unene wa kidole gumba, nikavua gome, nikafunga makumbi yangu. Mifuko ya plastiki ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku, kwa hiyo nilichana ile naironi ya ndani ya kiroba cha sukari. Ili mizizi ipate giza, nikafunika kila furushi kwa kitambaa cheusi kilichobaki kwenye sare za kwaya yetu. Kamba iliyokuwa mfukoni mwangu ilikuwa nyekundu. Nikashuka kwenye ngazi, nikafuta mikono, nikaridhika.

Naomba muisome tena aya hiyo. Mafurushi matatu ya kitambaa cheusi, yamefungwa kamba nyekundu, yananing'inia mtini uani kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake. Taifa lilinisomesha miaka mingi, na mimi sikuona kitu.

Majirani waliona. Ukuta wa pili alikaa Mama Rehema, muuza nafaka, mwanamke mwenye sauti ya kusikika toka sokoni hadi msikitini. Wiki mbili baada ya mafurushi yangu kutundikwa, mjukuu wake alishikwa na homa isiyoeleweka, na lori lililokuwa likileta mtama wake likakatika ekseli njiani. Asubuhi moja Bi Mwajuma aliamka akakuta mafurushi yote yameshushwa, yamemwagiwa chumvi na kutiwa moto. Akanipigia simu.

"Mwanangu, njoo. Dawa yako imenifanya mchawi."

Mnaijua nchi yetu hii ya kati, na mnajua neno hilo linaweza kumpeleka wapi bibi kizee. Njiani sikuwaza mpera hata kidogo. Nilifika nikakuta uani pamejaa, mjumbe wa mtaa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, Bi Mwajuma amesimama ameegemea shina la mti wake, na Mama Rehema katikati amejifunga khanga kiunoni.

"Mganga mwenyewe ndiye huyu?"

"Mimi ni bibi shamba, dada."

"Bibi shamba! Bibi shamba gani anafunga hirizi mitini? Kitambaa cheusi, kamba nyekundu!"

"Kamba hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi dukani."

"Afadhali hata mganga," mtu mmoja akasema nyuma, "angalau yule anajificha."

Nikatoa kisu, jambo ambalo halikusaidia. Watu wakarudi nyuma. Nikachuchumaa kwenye majivu, nikaokota tawi moja ambalo furushi lake lilikuwa limeungua upande tu, nikalipasua mbele yao. Ndani ya makumbi yaliyonuka moshi, pale juu ya pete niliyoikata, palikuwa na uvimbe mweupe mweupe, wenye vinundu, kama ufizi wa mtoto anayetaka kuota meno.

Mama Rehema akasogea bila kupenda. Akagusa kwa ncha ya kidole.

"Hiki ni nini?"

"Ni mizizi. Ilikuwa inajiandaa kutoka."

"Juu ya mti?"

"Juu ya mti. Naufanya mti upate miguu mingine, ili Bi Mwajuma aende nao Miyuji."

"Wa nini? Si mpera tu?"

Hapo ndipo Bi Mwajuma aliposema. Hakupaza sauti. "Chini yake kuna kitovu cha Hamisi."

Mama Rehema aligeuka polepole. "Hamisi? Hamisi huyu aliyekuwa akinishushia magunia?"

"Kwani nina Hamisi wangapi?"

"Mbona hukuniambia, Mwajuma? Tumekaa ukuta mmoja miaka yote!"

"Ungeuliza kabla ya kuwasha kiberiti."

Mjumbe akakohoa, akasimama kutoka kwenye ndoo yake, akatangaza kwamba kikao kimefungwa. Mjukuu, tuliambiwa baadaye, alikuwa na malaria.

Mafurushi ya pili sikuyafunga peke yangu. Mama Rehema alishika ngazi, kisha akapanda mwenyewe, kwa sababu alisema mimi ninakaza kamba kama ninamfunga mbuzi. Safari hii tulitumia mifuko ya mkate, ile myeupe inayoonyesha ndani, na juu yake tukavisha vipande vya khanga yake ya njano vilivyoshonwa kama sketi, ili mtu aweze kufunua na kuona. Kilichofuata sikukitarajia. Mtaa mzima ulianza kupita. Wauza nyanya, mafundi cherehani, watu wa bodaboda, kila mmoja alitaka kufunua sketi.

"Wa miezi mingapi sasa?" wanaume waliuliza ukutani.

"Bado anatapika," Mama Rehema alijibu. "Na wewe usifunue sana, unamtia upepo!"

Bi Mwajuma aliyanywesha maji mafurushi kwa kizibo cha chupa, asubuhi na jioni. Nilikuwa nikipita kila nilipokuwa na safari ya mjini, na nilipokosa safari niliibuni. Lakini moto ule ulikuwa umetupotezea muda, na joto la Oktoba likatupotezea mwingine. Furushi moja likakauka kabisa. Mwishoni mwa Novemba mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mashariki, na msimamizi wa mfereji, kijana mpole mwenye kofia ya njano, akaja kubisha hodi. Nikamwomba atuachie wiki chache.

"Mama, mimi nawaelewa, lakini mvua hainielewi. Huu mfereji usipofika hapa, nyumba zote za bondeni zitaogelea. Na ya huyu mama hapa pia." Alimwonyesha Mama Rehema. "Nitaanzia upande ule. Hapa nitafika Ijumaa, baada ya sala."

Ijumaa nilipanda ngazi huku greda likinguruma nje ya ukuta. Furushi la pili lilikuwa na uvimbe tu. La tatu lilikuwa na mizizi, michache, myeupe kama nyuzi, na mmoja tu uliokwisha kuwa kahawia na kugusa naironi. Kitabu kingesema subiri. Bwana Elia angesema kitu kuhusu wanasiasa. Chini yangu Bi Mwajuma alikuwa ameinua uso.

"Imo?"

"Imo kidogo."

"Kidogo inatosha?"

"Sijui, Bi Mwajuma."

"Basi kata. Ninyi wasomi mkisema hamjui ndiyo huwa ninawaamini."

Nikakata. Nikalishusha tawi mikononi mwangu kama mkunga, nikalipunguza majani nusu, nikamkabidhi. Yeye alikuwa amekwisha kujaza beseni udongo wa chini ya mpera, ameuchimba kwa mkono. Sikumuuliza anatafuta nini ndani yake. Mti ulipoangushwa hakugeuka kuutazama. Alikuwa kwenye bajaji, tawi mapajani, beseni miguuni. Shabani, ambaye mtaa mzima unamjua kwa mwendo wake, aliendesha mpaka Miyuji kama amebeba mgonjwa wa mgongo, na madereva wenzake walimpita wakimzomea.

Tulipanda tawi nyuma ya nyumba mpya, kwenye udongo wa beseni, tukalijengea kivuli cha magunia. Ndani ya wiki moja majani yote yaliyobaki yakapukutika.

"Shangazi," Shabani akasema, akisimama juu ya kile kijiti kitupu, "tumehamisha fimbo."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Siku ile ya saa na hotuba, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mpera unaendeleaje. Mlikuwa mnaogopa jibu. Nawashukuru, kwa sababu na mimi nilikuwa naliogopa.

Mvua zikaanza, mfereji ukafanya kazi, nyumba za bondeni hazikuogelea. Januari nikapigiwa simu na Mama Rehema, sauti isiyohitaji simu.

"Mama Mizizi! Mti wenu umerudi. Uko kwenye mfereji!"

Nilikwenda nikiamini ameona magugu. Lakini kweli. Greda lilikuwa limeng'oa shina na kuacha mizizi ikiwa imekatwa kwenye kuta za udongo, na kutoka kwenye mzizi mmoja mnene, katikati ya mawe, lilikuwa limetoka chipukizi lenye majani manne mekundu mekundu. Mzizi uliokuwa gizani miaka yote umeamua kuwa tawi, wakati kule Miyuji tawi linahangaika kuwa na mizizi. Nimeyasoma hayo, nimeyafundisha, nimeyaeleza Chemba hadi watu wakachoka kunisikiliza, na bado nilisimama pale mferejini na mwavuli wangu nikacheka peke yangu.

Tulimwita Bi Mwajuma. Alikuja na bajaji, akainama pembeni ya mfereji, akalitazama chipukizi muda mrefu.

"Tukukatie upeleke Miyuji," Mama Rehema akasema. "Ule wako si umekufa?"

"Hujafa. Na huu nakuachia wewe."

"Mimi? Baada ya yale?"

"Hamisi hata utotoni alikuwa anakula kwangu, halafu anakwenda kumalizia kwako. Kwani umesahau?"

Mama Rehema alijifuta uso kwa pembe ya khanga, akadai ni manyunyu. Nililikata chipukizi na kipande chake cha mzizi, tukalipanda kwenye ndoo iliyotoboka, ile ile aliyokalia mjumbe, mlangoni pa duka la nafaka. Ukipita pale leo usiliguse. Atakusikia.

Mwezi Machi Bi Mwajuma akanipigia simu asubuhi. "Umeota majani!"

Nikamwambia nimefurahi, na kwamba sitakuja. Akanuna, nikamsikia akinuna. Nikajikaza nyumbani na saa yenu ukutani, siku baada ya siku, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, hadi mvua zilipoanza kupungua na nikawa na uhakika kwamba akiba yoyote iliyokuwemo ndani ya kijiti kile ilikuwa imekwisha kuliwa. Ndipo nikaenda Miyuji.

Ulikuwa umefika magotini mwangu. Majani mapana, yenye mishipa iliyotokeza. Shabani alikuwa ameegesha bajaji kwenye kivuli cha ukuta, akijifanya anafuta kioo. Nikamwamkia Bi Mwajuma, nikaweka mkoba chini, nikapiga goti, nikaushika mpera kwa vidole viwili, karibu na udongo, nikauvuta.

Haukutoka.

Nikauvuta tena, kwa nguvu ambayo Bwana Elia angenifukuza nayo kazi. Udongo ukatikisika mbali na shina, hatua nzima kutoka vidoleni mwangu, mahali ambapo mizizi ilikuwa imekwisha kufika bila kuniambia. Sijawahi kupewa cheti kilichonipendeza kuliko ubishi ule.

"Wewe vipi," Bi Mwajuma akasema nyuma yangu, "unataka kuung'oa?"

"Hautoki, Bi Mwajuma. Umekataa."

"Kumbe ulidhani utakubali?" Alikuwa amekuja na mkeka wake kwapani. Akaukung'uta, akanigusa bega kwa ncha yake. "Haya, inuka sasa. Hapo ulipopiga goti ndipo ninapokaa."